Upande wa Kushoto

Darlington,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu Clive,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Pauline na watoto. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba kule Bristol mvua inawahurumia kidogo, maana huku imetugeuza vyura. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima. Kile kikohozi kimekwisha, anakula vizuri, na jana alinigombeza kwa kuosha vikombe vyake na maji yasiyochemka. Kwa upande wa afya, basi, usiwe na wasiwasi. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii iko ukumbini, na la ukumbini husikika mpaka jikoni.

Ulinituma nije nikae na mama, nifumbue macho. Ulisema kuna mzee anaitwa Desmond Tweddle, wa ile klabu ya treni ndogo za mfano ya marehemu baba, anaingia na kutoka humu kama kwake. Ulisema vichwa vya treni alivyounda baba vinapungua kimoja kimoja, mama amekuwa msahaulifu hajui hata kama anaibiwa, na kwamba tutie sahihi zile karatasi za wakili haraka, nyumba iuzwe na mama apelekwe nyumba ya wazee, kabla Tweddle hajabeba na mapazia. Nilikuja na karatasi zenyewe mkobani. Unanijua. Nimestaafu, lakini kazi ya kusimama mlangoni pa duka nikiangalia mikoba ya watu haijanitoka mwilini. Ukiniambia pana mwizi, usingizi unaniruka.

Jumanne akaja. Mrefu, mwembamba, shati kalifunga vifungo mpaka kooni, na mkononi ana mkoba wa ngozi. Alipoingia mkoba ulikuwa umelala bapa. Alipotoka ulikuwa umetuna. Katika kazi yangu hilo peke yake lilitosha kumwita mtu pembeni. Aliponiona tu alimwuliza mama, "Huyu ndiye binti wa mlangoni?" Mama akajibu ndiye. "Basi ngoja nijipekue mwenyewe, nisije nikasumbuliwa," akasema, na papo hapo akapindua mifuko ya koti mezani: leso, peremende za minti, na gurudumu dogo lisilozidi kifungo cha shati. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikucheka. Wezi wangu wengi walikuwa wachekeshaji.

Wakanywa chai, yeye akila keki ya mama kama aliyeioka mwenyewe, halafu wakaingia chumba cha baba na kufunga mlango. Clive, nilisimama pale nje na kikapu cha nguo nikijifanya napita. Nilisikia tupa ikikwaruza, na sauti ya yule mzee ikisema polepole, polepole, usiibane sana. Mama alipotoka alikuwa ameficha mikono nyuma kama mtoto aliyelamba sukari. Vidole viwili vilikuwa na plasta. Nilipouliza akasema amejikata na kopo la samaki, na siku ile hatukula samaki.

Halafu kulikuwa na rafu. Unaijua ile rafu ya juu ya meko, sebuleni, alipokaa Bibi wa Aycliffe, kile kichwa cha treni cha kijani cha baba, miaka yote. Sihitaji kukueleza wewe kile kichwa. Ulipokuwa mdogo wewe ndiye uliyemshikia baba taa alipokuwa akikata shaba na kuilehemu, na mimi nikifukuzwa kwa kuwa napiga chafya. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila mama, siku ya Jumamosi, na kitambaa chake cha vumbi. Sasa rafu iko tupu. Mama alisema kimepelekwa klabuni kurekebishwa, akageuka kuchungulia sufuria iliyokuwa haina kitu.

Ijumaa walipotoka pamoja kwenda klabuni, kwenye ukumbi wa kanisa, niliingia chumbani kwa baba. Ufunguo anauweka palepale, ndani ya birika lililovunjika. Nilichokiona kilinikata maini. Vichwa vya treni vimepangwa mezani, namba zake zimekwanguliwa zote. Sasa niambie, ni nani duniani anayekwangua namba? Mwizi wa magari. Kimoja kimepakwa masizi na rangi ya kutu mpaka hakitambuliki, kingine hakina magurudumu, magurudumu yako kwenye trei la mayai. Na katikati, juu ya gazeti, amelala Bibi wa Aycliffe. Amefunguliwa, ubavu mmoja umekwanguliwa kwa wembe, vumbi la rangi ya kijani limejaa gazetini. Nilikaa kwenye kiti cha baba nikalia kwa hasira. Nikatoa zile karatasi zako nikazitia sahihi yangu juu ya meza ileile. Nakwambia ukweli wote ili ujue nilifika wapi.

Jioni Tweddle alimrudisha mama, akaingia chumbani kwa baba dakika chache, akatoka na mkoba umetuna. Nilimtangulia getini. Nilimwambia afungue. Alisema, "Mvua inanyesha, binti." Nikamwambia mvua nimeiona, afungue. Akafungua bila ubishi, na ndani, juu ya waya na vitupa vidogo, kulikuwa na tumbo la kile kichwa cha kijani limefungwa kwenye leso yake. Nilimwuliza anapeleka wapi mali ya marehemu baba yangu, na nilimwuliza kwa sauti ambayo majirani wa pande zote mbili waliisikia. Akajipangusa mvua usoni. Kisha akasema hivi, na nanukuu neno kwa neno: "Hiki si cha baba yako. Cha baba yako sijakitia machoni tangu tulipomzika." Nikaona amejuta papo hapo. Alifunga mkoba, akasema nimwulize mama yangu, akaondoka bila kuvaa kofia.

Mama alikuwa anamenya viazi. Nilimwuliza, naye hakuacha kumenya. Alisema kwamba wiki ile baada ya mazishi alikishika kile kichwa ili akipanguse, kikainuka kwa vidole viwili. Unakumbuka baba alivyokijaza madini ya risasi tumboni ili kiwe na nguvu ya kuvuta mabehewa mengi. Kilitaka mikono miwili. Hiki kilikuwa chepesi kama kopo la chai lililokwisha. Rangi ileile, jina lilelile, namba ileile. Lakini alipovaa miwani akaona vile vyuma vya kushikia vya ubavuni, ambavyo baba alivitengeneza kwa waya na kuvipachika kimoja kimoja akijichoma vidole, hapa ni michirizi tu ya plastiki iliyotokana na umbo la kiwandani. Ni kichwa cha dukani. Mtu alikinunua, akafuta namba yake, akaandika ya baba, na kwa haraka, maana tarakimu ya mwisho imeinama.

Tweddle alipokuja kukiazima kwa ajili ya meza ya kumkumbuka baba kwenye maonyesho yao, alikishika mara moja tu akamtazama mama. Mama naye akamtazama. Mzee yule akakirudisha rafuni taratibu, akasema kinaonekana hakijisikii vizuri, kisisafiri. Siku hiyo ndipo mama alipomwomba amfundishe ufundi wa baba. Vile vyenye namba zilizokwanguliwa ni vibovu alivyonunua kwenye meza ya vitu chakavu ya klabu, ajifunzie mkono kabla hajakigusa chenyewe. Vile vingine vya baba vyote vipo kabatini. Nimevihesabu mwenyewe, hakuna kilichopungua.

Kwa hiyo ndicho anachofanya mama huko chumbani, Clive. Anakwangua plastiki kwa wembe, anatoboa matundu kwa kekee isiyozidi sindano, anapachika waya, anajaza risasi tumboni. Bibi kizee mwenye mikono inayotetemeka asubuhi. Anakigeuza kile cha dukani kiwe cha baba. Nilimwuliza kwa nini asiseme tu kwamba kimebadilishwa. Alisema Krismasi inakuja, watoto wake wote wawili watakuwa mezani, na anataka kiwe kwenye rafu, kizito kama kinavyotakiwa, asitokee mtu wa kukiinua na kuuliza. Nikasema mtu gani. Akasema, "Wewe. Wewe ungempekua ndugu yako mbele ya wanawe." Neno hilo liliniuma, kwa sababu ni kweli.

Sikumwuliza ni nani. Aliendelea kumenya, halafu akasema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Angeniomba tu, ningempa."

Sasa nisikilize mimi dada yako. Usiku wa mazishi aliyelala sebuleni, chini ya rafu ile, ni wewe. Asubuhi uliondoka kabla ya chai. Nilitaka kukubebea sanduku ukanipokonya, ukasema ni zito. Nilikufungulia mlango mwenyewe, nikakupungia mkono mpaka ukakata kona. Miaka yote ile mlangoni, na huyo mmoja nikamsindikiza. Nimefikiri pia kwamba kitu cha namna ile hakinunuliwi na kuandikwa namba kwa usiku mmoja. Maana yake ulikinunua baba akiwa bado hospitalini. Hapo nimejaribu kukutetea moyoni, na bado sijapata njia.

Na tangu mazishi hujakanyaga hapa, lakini uliniambia kwa uhakika kwamba vichwa vya baba vinapungua. Ulijuaje? Tweddle ndiye mtu pekee mjini hapa anayeweza kukishika na kujua, na ndiye uliyetaka afukuzwe. Na mama akishaandikwa kwenye karatasi kwamba ni msahaulifu, basi akisema lolote kuhusu kichwa cha treni, ni maneno ya bibi kizee. Labda ni macho yangu mabaya. Naomba Mungu iwe ni macho yangu mabaya. Lakini zile karatasi nimezichoma mekoni, na sahihi yangu ndani yake, na sitatia nyingine. Mama hatoki katika nyumba hii. Jana nilikwenda kwa Bwana Tweddle kumwomba radhi. Aliniambia nisijali, akanipa peremende, na nikaila huku nimeona haya.

Sijui kama unacho bado au umekiuza. Kama umekiuza, usiniambie mimi, jipange umwambie mama mwenyewe. Kama unacho, njoo nacho Krismasi. Nitakuwa jikoni nikimwoka bata wangu. Sitasimama mlangoni.

Sina mengi zaidi. Nisalimie Pauline, na watoto uwaambie shangazi yao amewawekea soksi. Mama anakusalimu sana, anauliza kama ile sweta aliyokufumia inakutosha kifuani. Nilipomwambia leo kwamba nakuandikia, alivua miwani, akasema niongeze neno lake. Ubavu wa kulia wamekwisha kuumaliza na umetoka vizuri. Wa kushoto wamekwama, kwa sababu kile kichwa siku zote kilielekea dirishani na picha zote za baba zinaonyesha upande wa kulia tu. Anakumbuka kwamba kushoto kekee ilimponyoka baba, akaliziba tundu kwa kijipini kilichochomoza, na kila Jumamosi kitambaa chake kilinasa hapo. Ila hakumbuki ni mbele ya kibanda cha dereva au karibu na bomba la moshi. Tweddle hajui, na mimi sikuwahi kukigusa. Alisema, "Muulize Clive kitambaa changu kilikuwa kinanasa wapi. Aangalie vizuri." Ameiweka kekee mezani, hajatoboa, anasubiri jibu lako.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hilary