Shingo Yangu na ya Yaya Gracien

Kikula, Likasi
14 Julai 2024

Mpendwa dada yangu Émilienne,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote walio nyumbani kwako. Habari za Kalemie? Je, mguu wa shemeji Déogratias umepata nafuu, au bado anapanda ngazi akimshika mtu bega? Aimée wenu amejifungua salama? Tulisikia kwamba siku zake zilikuwa karibu, kisha hatukusikia neno tena. Mkijaliwa mtoto, nitumieni jina lake kamili, liandikwe vizuri, si lile la kumbembelezea.

Huku kwetu tumo katikati ya kiangazi. Asubuhi baridi inauma hata vidole, na mchana vumbi la malori linaingia mpaka ndani ya kopo la sukari. Umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Mke wangu Hortense ni mzima, anakusalimu sana, na bado analima matembele yake nyuma ya nyumba.

Usiulize kwa nini sikupiga simu. Simu yako huwa unaiwekea sauti kubwa, na mimi nikizungumza, nyumba nzima inanisikiliza pamoja na jirani aliyekuja kuomba makaa. Jambo hili sitaki lisikilizwe namna hiyo. Cyrille, mtoto wa kaka yake Hortense, anasafiri wiki hii kuja huko. Nimemwagiza akukabidhi barua hii mkononi mwako, si mkononi mwa mwingine.

Jambo lenyewe ni hili. Baada ya Pentekoste niliugua koo. Lilikuwa koo la kweli: homa, mate yasiyomezeka, sauti ikapotea kabisa hata sikuweza kusoma somo kanisani. Nilipewa dawa, nikazimaliza zote kama nilivyoagizwa, koo likapona. Lakini tezi zilizovimba chini ya taya hazikushuka. Moja iko upande wa kulia, nyingine ndogo iko chini yake, na upande wa kushoto kuna ya tatu ambayo siku nyingine naipata na siku nyingine siipati.

Sasa unaelewa kwa nini nakuandikia wewe. Unakumbuka shingo ya Yaya Gracien, kaka yetu mkubwa.

Alipougua kule Mwadingusha, mimi nilikuwa nafundisha Buluo, nikaja kumwona mwishoni tu. Nilimkuta amekaa kitandani na shati ambalo kifungo cha kola hakifungiki tena. Hilo ndilo ninalolijua mimi. Mwanzo wake siujui. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiishi pale, ndiwe uliyemwogesha na kumlisha. Tangu tulipomzika hatujapata kulizungumza, na mimi sikukuuliza kwa sababu niliona ni kukutonesha.

Kila asubuhi sasa navaa shati na kufunga kifungo cha kola mbele ya kioo. Kinafungika. Nashukuru Mungu. Kabla sijafika mlangoni nakifungua na kukifunga tena, kwa maana naona kama safari hii kimebana.

Hortense hajui kwamba namfikiria Gracien. Anadhani ni mabaki ya baridi, na ananitibu kama mabaki ya baridi. Kila jioni anapasha maji ya chumvi, analowesha kitambaa, ananikanda shingo, kisha anapaka mafuta ya mawese na kukanda tena kwa vidole gumba mpaka machozi yananitoka. Namwachia. Mikono yake ni ya upendo, na mtu mwenye hofu hakatai mikono.

Kisha jumuiya ya mtaani wakaja kuniombea. Unaijua desturi yetu: mgonjwa akae katikati, na wanaosali waweke mikono mahali panapouma. Mikono ilikuwa mingi, Émilienne. Mwenyekiti wao, Mama Marlène, hakungoja hata sala ya mwanzo.

“Baba, leta shingo nione-ko,” akasema, na vidole vyake vilikuwa vimekwisha fika. “Ah! Hii iko kadogo. Ya baba-mukwe yangu ilikuwa sawa yai ya kuku.”

“Na yeye alipona?” nikamuuliza.

Akatazama rozari yake. “Baba, tuombe kwanza.”

Wengine nao wakataka kupima. Mmoja akasema ya kulia ni kubwa, mwingine akasema hapana, ya kushoto. Wakabishana juu ya shingo yangu kama watu wanaochagua nyanya sokoni, kisha wakasali vizuri sana, wakaondoka. Nilibaki nimekaa. Shingo yote ilikuwa inawaka moto.

Wiki iliyopita, nilipoona hazishuki, nilikwenda kwa daktari na Hortense akanisindikiza. Daktari wetu ni Josée, binti niliyemfundisha darasa la tano, yule aliyekuwa akikaa dawati la mbele na kuzungumza bila kuomba ruhusa. Sasa anavaa miwani na watu wanamngojea kwenye benchi tangu asubuhi. Alichukua damu, akatazama koo kwa taa, akasikiliza kifua. Damu haikuonyesha ubaya. Kisha akaigusa shingo, taratibu, akavuta mkono wake.

“Nani eko anakufinya hivi, Mwalimu?”

Hortense akajibu: “Ni minye, dokta. Kila mangaribi, na mafuta. Na bantu ya jumuiya nabo.”

“Na yeye mwenyewe?”

“Yeye? Anashinda paka pale tu! Akikula, mukono iko pa shingo. Akisoma, mukono iko pa shingo. Hata padri akiinua hostia, yeye eko anatafuta tezi.”

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza kwa utulivu, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Koo likiugua, tezi hizi zinafanya kazi ya kulilinda, na zinavimba. Kazi ikiisha, zinashuka polepole, wakati mwingine kwa wiki nyingi. Lakini ukizifinya kila siku zinakasirika na kubaki zimevimba. Tulikuwa tunazitibu kwa kuziumiza, mke wangu na jumuiya yote, na mimi kuliko wote.

Akaongeza kwamba tezi inayouma na kuteleza chini ya kidole kwa kawaida haimtishi daktari sana. Ile ngumu, isiyouma, iliyoshikamana na nyama, ndiyo inayomfanya aharakishe. Laiti asingeniambia hayo! Tangu siku ile naamka na kutafuta maumivu. Nikiyapata, nafurahi. Kisha nakumbuka kwamba panauma kwa sababu nimepafinya jana, kwa hiyo maumivu yangu si ushahidi wa kitu chochote. Basi nafinya tena ili nijue vizuri. Unaona nilipofika, mimi niliyefundisha watoto kufikiri kwa mpango.

Daktari ameniamuru nisiguse kabisa, na Hortense asikande, na jumuiya wasali wakiwa mbali kidogo. Niliposimama kuaga, mkono wangu ukapanda wenyewe. Akapiga meza kwa kalamu.

“Mwalimu! Mikono pa meza! Si njo vile ulikuwa unatuambia? Leo weye njo mwanafunzi.”

Hortense alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Kwa Mama Marlène alisimama makusudi kuisimulia.

Daktari amesema mwezi ujao nirudi. Zikiwa zimeshuka, mambo yamekwisha. Zisiposhuka, atachoma sindano ndani ya tezi, atoe kidogo, kipelekwe Lubumbashi kikachunguzwe. Hapa ndipo ninaposhindwa. Katika ukoo wetu inasemwa mpaka leo kwamba Gracien aliuawa na kisu cha hospitali, kwamba ugonjwa ulikuwa umelala na ulipokatwa ukaamka. Shangazi alisema hivyo matangani mbele ya watu wote, na hakuna aliyembishia. Mimi pia sikumbishia. Kwa akili yangu sikubali maneno hayo, lakini shingo yangu inayakubali.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na unijibu kwa mkono wako. Kwanza, tezi ya Gracien ilipoanza, ilikuwa inamuuma? Alikuwa akilalamika ulipomwogesha, au ulikuwa unaigusa na yeye anaendelea kuzungumza? Pili, walipomkata, alikuwa bado na nguvu zake, au alikuwa amekwisha dhoofika na kisu kilikuja kwa kuchelewa?

Usinifiche kwa upendo. Kama haikumuuma, andika kwamba haikumuuma. Kama umesahau, andika kwamba umesahau, usitunge. Najua nakurudisha kwenye chumba kile, kwenye beseni lile na taulo zile, na unisamehe. Hakuna mwingine aliyebaki wa kumuuliza.

Jana, nikiwa na kalamu hii hii mkononi, nilifikia uamuzi, na nauandika hapa ili nisiweze kuukana. Jibu lako liwe lolote, hata lisipofika mapema, nitarudi kwa Josée, na akitaka kuchoma nitamwachia achome. Sijamwambia Hortense sababu ya hofu yangu, lakini nitamwambia kabla ya siku hiyo. Hastahili kukaa kwenye benchi lile bila kujua anangoja nini. Jibu lako sasa si la kunifanya niende au nisiende. Ni la kunifanya niende nikijua tofauti kati yangu na kaka yetu, kama tofauti ipo.

Msalimie shemeji Déogratias, umwambie fimbo si aibu. Msalimie Aimée na mtoto wake, na Dominique wako, ambaye bado ananidai jibu la barua yake yenye makosa mengi na moyo mzuri. Mungu awalinde wote, awape usingizi mzuri, na awafikishie Cyrille salama.

Umeona barua imekuwa ndefu kuliko kawaida yangu. Hortense amepita hapa mara kadhaa, akanitazama, akaondoka bila kunigombeza, na sasa nimeelewa kwa nini. Mkono wa kulia umeshika kalamu. Wa kushoto umekandamiza karatasi, maana upepo wa kiangazi unaipeperusha. Tangu neno la kwanza mikono yangu yote miwili iko mezani. Naogopa kidogo kutia sahihi.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kungoja mwandiko wako,

Ambroise