Dada Polepole, na Jino la Mama Ulilotaka Kulirudia

Mwaka umetimia, Dada, tangu ututoke. Wagonjwa wako walikuita Polepole, nasi nyumbani tukalichukua jina hilo, maana hata sahani uliiosha kama vile ingesema "ai!"

Ulikuwa daktari wa meno mwenye mkono mwepesi. Watoto waliingia kwako wakilia, wakatoka wakikupungia. Kazi yako ulitusimulia mezani hata tusipouliza: jino likishachongwa, sehemu yake ya ndani hupakwa asidi, huoshwa, kisha hupulizwa hewa kidogo tu.

"Liachwe na unyevu," ulisema. "Likikauka kabisa gundi haipenyi, na ulichozibia hakikai."

Jino la mbele la Mama lilipovunjika, ulitaka liwe zuri kupita yote uliyowahi kuziba. Ukahofia mate, ukapuliza, ukapuliza tena. Kwa mgonjwa mwingine usingezidisha. Kwa Mama ulizidisha. Wiki haikuisha, kipande ulichozibia kikabaki kwenye mkate.

"Mama, nililikausha mno. Njoo nirudie," ulimwambia siku moja tukila na wageni.

"Nirudi ung'oe na mengine? Niache na pengo langu, tumeshazoeana!"

Wageni waliokuwepo waliangua kicheko. Nawe ulicheka, ila mdogo wako, aliyeketi ubavuni mwako, aliona ulivyosogeza sahani ukaacha kula.

Kila ulipokuja ulimbembeleza, na kila mara Mama alikuwa na utani mpya. Hakuwa na kinyongo, Dada. Alipenda kubembelezwa na wewe, akadhani muda upo. Kisha ukaugua ghafla, na hukuinuka tena.

Mwezi uliopita daktari mwenzako alimwita Mama amtengenezee. Mama akaketi kwenye kiti chako cha wagonjwa, akafungua kinywa, akaanza kulia. Mwenzako akaweka vifaa chini, akamngoja.

"Samahani, mwanangu," Mama akamwambia. "Mkono niliopaswa kuuruhusu si huu."

Akarudi nyumbani vilevile. Siku hizi akicheka huziba mdomo kwa kanga.

Ametutuma tukuandikie hivi, kwa maneno yake mwenyewe: "Sikuukataa mkono wako, mwanangu. Nilikuwa nakutania tu. Ningejua, ningekuja siku ileile."

Unakumbukwa na Mama, mumeo, wanao wawili, kaka yako fundi cherehani, na mdogo wako aliyeandika haya kwa niaba ya wote. Hatutakusahau kamwe, Polepole wetu.