Mwili Aliopata Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimechelewa sana kuandika, naomba msamaha, ingawa anayeombwa ni mimi mwenyewe. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Krismasi. Tangu hapo Baba akashikwa na moyo, akalazwa, akarudi nyumbani Asembo Bay. Mimi nikapata hii kazi ya maabara hapa Kisumu. Binti yangu Awino, wa miaka mitatu tu, nikamwacha huko kwa nyanya yake. Mambo yamekuwa mengi, na nikikaa chini nasinzia.

Leo kama jana. Saa moja asubuhi, glavu, barakoa, mizani. Panya ishirini na wanne. Wote walifungwa mshipa mmoja wa moyo kwa uzi, ili sehemu ya moyo ife, vile inavyokufa kwa mtu akipata mshtuko. Kila mmoja namtilia dawa mdomoni asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Nusu yao wanapata dawa kweli, nusu maji matupu. Nani anapata nini, sijui. Natakiwa nisijue.

Wiki nane, mkono mmoja. Ndiyo sheria ya Daktari Nekesa. Panya akishikwa na mkono mgeni anaogopa, moyo unakimbia, vipimo vinaharibika. Kwa hivyo ni mimi tu. Hata Jumapili. Nilipotia sahihi niliona ni kitu kidogo. Zimebaki wiki nne.

Jumatano, 5 Machi

Aibu.

Namba 14 amekuwa akiongeza uzito tangu wiki jana. Nilifurahi. Kwa daftari la maabara, pale pembeni, nikaandika: anapona. Leo Daktari ameona. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mama Awino, kunenepa gani huku kwa siku tano? Huo si mwili. Hayo ni maji."

Akanieleza polepole, maana mimi niliishia kidato cha nne. Moyo uliokufa upande hausukumi vizuri. Damu inasongamana, maji yanavuja kwa mishipa, yanajaa tumboni, miguuni, kwa mapafu. Kwa nje mnyama ananenepa. Kwa ndani anazama.

14 anakaa amejikunja, manyoya yamesimama, anapumua na mbavu zote. Nilikuwa nikimwona hivyo kila siku. Nikaamini mizani.

Ijumaa, 7 Machi

14 amekufa. Daktari amempasua, akaniita nione. Mapafu mazito, yamelowa kama sponji ya kuoshea vyombo.

Jioni nikapiga simu nyumbani nisikie mtoto. Awino akaimba kidogo, akaacha simu chini akaenda zake. Mama akaiokota. Furaha tupu. Ati Baba amepata mwili! Mashavu yamejaa. Suruali zinamkataa, amezifumua mwenyewe kiunoni, si ndiye fundi cherehani, akatia kitambaa cha ziada. Wamama wa kanisa wanamsifu Mama kwamba amemlisha mzee akanenepa. Ni viatu tu havimwingii. Na siku hizi halali kitandani, analala kwa kiti, wima, "kama askari wa benki," akiwa amempakata Awino.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikamkumbuka 14.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeharibu.

Nilimwambia Mama moja kwa moja. Huo si mwili, ni maji, tumeona kwa panya. Akaniuliza: "Baba yako umemfananisha na panya?"

Nikaanza kueleza. Hakungoja. "Tangu Januari nampikia. Uji, kuku, samaki. Wewe ulikuwa wapi? Unalisha panya mjini, sasa umekuwa daktari. Unataka akonde ndiyo ufurahi?" Akakata simu. Nilipopiga tena, hakushika.

Hilo la nilikuwa wapi, ana haki.

Nimemwomba Daktari Nekesa ruhusa ya siku mbili. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa. Akasema nikienda ataanza upya, panya wengine ishirini na wanne wafungwe moyo, na hawa watakuwa wameteseka bure. Akasema pia mzee apelekwe hospitali haraka, na kwamba uamuzi wa kwenda ni wangu. Hapo ndipo aliponifunga. Angenikataza ningemchukia, nikaondoka. Kati ya asubuhi na saa saba Asembo Bay ningefika. Kurudi kwa wakati, hapana. Na nikifika? Mama hatanitazama. Baba anafuata analosema Mama.

Nachukia panya. Nachukia mizani. Jioni nimewashika wote polepole kama kawaida.

Jumapili, 9 Machi

Mama akiwa kanisani nimempigia Baba kwa simu yake. Maneno ya ugonjwa nimeyaacha. Mizani hawana nyumbani, lakini Baba anavaa tepu ya kupimia shingoni tangu nizaliwe. Nikamwambia, Baba, nipimie mteja mmoja. Akauliza nani. Wewe. Kifundo cha mguu wa kulia, asubuhi na jioni, unitumie inchi.

"Nyathina, mwanangu, hiyo ni suruali gani ya kupimwa kifundo?" Akacheka. Kicheko kilikatika katikati akitafuta pumzi. Lakini Baba hajawahi kukataa kupima. Akapima nikimsikia: kumi na robo.

Nikauliza dawa. Anameza zote isipokuwa ile ya mkojo, ya kutoa maji mwilini. Aliiacha mwezi jana. Ati mteja amesimama apimwe, na fundi anakimbia choo mara tano, watu watasema nini? Tena alikuwa amepona, si mwili umerudi.

Nikamwambia aende kliniki kesho. Tutaona, akasema. Nikarudia kwa ile sauti ninayomkataza nayo Awino kushika jiko. Baba akarudia lake. "Tutaona."

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi, kumi na nusu. Jioni, kumi na moja kasorobo. Ametuma bila salamu, vile anavyoandika kwa kitabu cha wateja. Kliniki hakwenda.

Namba 9 na namba 20 pia wanapanda. Naandika uzito tu. Pembeni siandiki kitu.

Dada yangu Quinter ameolewa Muhoroni. Nimemwambia yote. Akasema atakwenda Alhamisi. Nikamwambia Alhamisi ni mbali. Akaniambia kwani wewe hapo Kisumu umefungwa kamba? Nikaangalia saa, dawa ya jioni imefika.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi, kumi na moja kamili. Na chini yake Baba ameandika maneno, yeye ambaye haandiki maneno:

"Huyu mteja hajanenepa. Mtu hanenepi kifundo peke yake, tena kwa siku mbili. Nimeshona miaka thelathini. Mwambie Quinter aje leo."

Nilisoma mara nne nikiwa mlangoni mwa chumba cha panya. Quinter nikamtumia vile vile, sikuongeza neno. Akajibu: natoka sasa.

Saa saba ikafika. Nikavaa glavu. Nikahesabu hadi ishirini, ndipo nikamshika wa kwanza.

Saa kumi Quinter akapiga. Wako njiani kwenda hospitali, wamekodi gari ya jirani. Baba mbele, wima, mdomo wazi. Awino ameachwa kwa mke wa huyo jirani, analia. Mama yuko nyuma, ameshika mfuko wa nguo. Nikaomba niongee naye. Nikasikia Quinter akimpa simu. Nikasikia simu ikirudishwa.

Jumatano, 12 Machi

Amelazwa. Oksijeni. Wanamchoma dawa ya kutoa maji. Daktari wa huko alimwambia Quinter, mngengoja hadi Jumapili mngeleta maiti. Quinter akanipa hivyo hivyo, bila kulainisha. Huwa halainishi.

Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Daktari Nekesa aliuliza habari za mzee. Nikamwambia. Akasema pole, kisha akauliza kama namba 9 amekula. Sikukasirika. Nilikuwa nimeshaangalia. Amekula nusu.

Wazo moja linanisumbua siku nzima. Labda siku moja dawa hii itamfaa mtu kama Baba. Labda yenyewe ni maji matupu na sisi wote tumekaa hapa bure. Hakuna wa kuniambia.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Chumba cha panya kimya, ni mashine ya hewa tu.

Baba anaongea. Jana usiku alilala kwa mgongo, mara ya kwanza tangu Februari. Uso umerudi mdogo. Quinter anasema Mama anamtazama vile amekonda, anavuta shuka kumfunika mikono watu wasione. Namwelewa. Alipika kwa miezi miwili, na sasa kazi yake inatoka kwa mkojo.

Namba 20 alikufa jana, panya wamebaki ishirini na wawili. Wiki mbili na siku tatu. Siendi popote.

Quinter anakuja Kisumu Jumapili kununua vitu. Nimemwandikia anachopaswa kuniletea, na naandika hapa pia nisisahau kumdai. Majina ya dawa zote yalivyo kwa pakiti, asiniambie ile nyeupe na ile ndogo. Kipimo cha kifundo cha leo na cha kesho. Baba anatumia mito mingapi. Tarehe ya kurudi kliniki, kama wameitoa. Mama amekula nini tangu Jumanne, na kama hajala, nani anamsimamia. Na gauni la Awino la njano, lile alilovaa siku walipomwacha kwa jirani. Lisifuliwe, nalitaka na harufu yake.