Uso wa Mdogo Wetu Laurentine

Komini Albert,
Elisabethville,
24 Novemba 1957

Mpendwa yaya Floribert,

Nakusalimu wewe kaka yetu mkubwa, mzaliwa wa kwanza, pamoja na mke wako Nkandu na watoto wote wa hapo Kasenga. Mguu wako ulioumia kwenye mtumbwi umepona? Yule aliyetuletea samaki wako alisema unatembea bila fimbo, lakini yule husema lolote ili apewe chakula upesi, kwa hiyo naomba uniandikie mwenyewe. Samaki walifika wazuri, isipokuwa wale wa juu ambao wadudu waliwaonja njiani.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mume wangu Godefroid anaendelea na kazi yake ya reli na kikohozi chake cha kila mwanzo wa mvua. Uwanja wetu ni matope matupu. Mwili ni mzima, nasema, ila roho imechoka, na aliyeichosha ni ndugu yetu Adalbert.

Sijui kama habari za uchaguzi zimefika huko mtoni. Mwezi ujao wanaume wa hapa watapiga kura kwa mara ya kwanza, wachague makonseye, yaani madiwani, wa komini. Nasema wanaume, kwa sababu sisi wanawake hatuulizwi. Adalbert ni kandida, naye anaomba kura. Tangu siku aliyojiandikisha hasalimii tena mtu, anahutubia. Ukimwomba chumvi anakujibu kuhusu maendeleo ya watu weusi.

Hayo niliyavumilia. Lakini mwezi uliopita alifanya mkutano karibu na soko, na mtu mmoja akamuuliza juu ya wezi. Swali la wezi, yaya. Angeweza kusema taa za barabarani, angeweza kusema polisi. Yeye akatupa macho upande wa soko, akaona wanawake wawili wa Kiislamu wanapita na shela zao nyeusi, akasema: “Muntu mwenye kufunika sura iko naficha kintu. Mu komini ya bantu benye kuendelea, hatutaki banamuke ba kufunika sura.” Wakampigia makofi. Mtu akishapigiwa makofi hivyo hawezi tena kunyamaza, hasa akiwa Adalbert. Akayarudia maneno yale katika kila mkutano, kila mara akiyaongezea kidogo.

Alisahau, au alijifanya amesahau, kwamba mdogo wetu Laurentine ni mke wa Amisi, yule muuza vitambaa kutoka Kasongo, kwamba ameingia dini ya mume wake, na kwamba akitoka nyumbani anafunika uso. Wewe ulikuwapo siku ya ndoa yao. Tulilia, tukanuna, wengine wakakataa kula. Mwishowe tukazoea, maana Amisi ni mtu mpole na Laurentine alinenepa kwake. Sasa anaitwa Zaina. Ulimi wangu unakataa jina hilo, na yeye hanikasirikii.

Tangu mkutano ule mji mzima una maoni juu ya sura za wanawake. Kwenye bomba la maji ni hayo, kwa muuza nyama ni hayo, nje ya kanisa baada ya misa ni hayo hayo. Watu walioishi na majirani Waislamu tangu utoto bila kuuliza chochote, leo wameanza kuuliza. Fundi wa baiskeli hapa karibu, ambaye mke wake alimkimbia akaenda Kipushi, ndiye amekuwa mwalimu wa mambo ya wanawake. Anasema shela inaharibu macho. Wanaume wanaacha baiskeli zao wanamsikiliza.

Halafu akaja Gérard, kandida mwingine wa mtaa wetu. Akaitisha mkutano wake akasema Waislamu ni ndugu zetu, wake zao wavae wapendavyo. Nilifurahi, lakini furaha yangu haikufika mbali, kwa sababu akaongeza kwamba mwanamke aliyefunikwa hana maneno mengi, na sisi Wakristo tungejifunza hapo kitu. Naye wakampigia makofi. Nilimwambia Godefroid kwamba kati ya wanaume hawa wawili mimi ningechagua mbuzi wa jirani. Godefroid akanikumbusha kwamba mimi sichagui. Ni kweli. Laurentine hapigi kura, mimi sipigi kura, lakini uso wake na mdomo wangu ndivyo vimekuwa siasa yao yote.

Ingekuwa ni maneno ya mikutano tu, ningeyaacha huko huko yakauke. Shida ni kwamba ilikuwapo ndoa ya Constance, binti wa Adalbert. Unakumbuka mama yake alipougua muda mrefu, ni Laurentine aliyemlea mtoto yule, kabla ya kuolewa. Alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wake. Nawe unajua desturi yetu: jioni, bibi harusi akipelekwa kwa mume, anafunikwa kitambaa toka kichwani mpaka chini, shangazi yake anamshika mkono na kumwongoza, na shangazi huyo huyo ndiye anayemfunua mbele ya wakwe. Hakuna aliyefikiri atakuwa mtu mwingine. Constance mwenyewe alikuwa amekwisha kumwomba Laurentine.

Basi siku chache kabla ya ndoa Adalbert akampelekea Amisi ujumbe: Laurentine asifike harusini ila uso wazi. Eti watu wasije wakasema kandida anasema hivi sokoni na vingine nyumbani kwake. Nilikwenda kwake siku ile ile, nikamkumbusha desturi, nikamkumbusha nani alimlelea mtoto. Akanijibu kwa Kifaransa. Hapo nilijua hakuna tena wa kuongea naye. Akasema nimwongoze mtoto mimi. Nilikubali, yaya, na hasira imenijaa, kwa sababu Adventi, majuma ya kungoja Noeli, iko karibu, padri hafungishi ndoa wakati huo, na tungeahirisha tusingepata siku nyingine kabla ya mwaka mpya. Kisha nikaenda kwa Laurentine. Alikuwa jikoni kwake, analia, uso wazi mbele yangu kama siku zote. Hakumsema vibaya Adalbert. Alisema tu: “Mumuambie Constance, haiko miye nilikatala.”

Ndoa ilikuwa jana. Asubuhi Constance aliingia kanisani na veli nyeupe imeshushwa usoni, Adalbert amemshika mkono, meno yote nje. Jioni tukamfunika kitambaa chekundu kilichotoka kwenye meza ya Amisi, zawadi yake kwa mtoto. Mara mbili kwa siku moja binti yake amefunikwa uso, na baba hakuona ajabu. Mimi nilimtazama sana, nikitumaini jambo litamgonga kichwani. Alikuwa anasalimiana na wapiga kura wake, maana alikuwa amewaalika wote.

Tulifika kwa wakwe, uwanja umejaa watu. Constance akakaa kwenye mkeka. Wakwe wakaweka zawadi kwenye sahani, vigelegele vikapigwa, nami nikainama nimfunue. Kitambaa hakikutoka. Nilidhani amekikalia, nikavuta kidogo. Kumbe alikuwa amekishika kwa ndani na mikono miwili. Bibi harusi hasemi akiwa amefunikwa, lakini huyu alininong'oneza: “Shangazi, weye hauko na makosa. Niko nangoya mama Laurentine. Kama hakuye, nitalala hapa ivi ivi.”

Ningeweza kudanganya, niseme anaona haya. Sikutaka. Nilisimama nikawatangazia watu kwamba mtoto anamngoja shangazi aliyemlea. Mama wa bwana harusi, maskini, akakimbia kuongeza kitu kwenye sahani, akidhani zawadi ni kidogo. Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwa wanywaji: “Kandida, mutoto wako iko naficha nini?”

Walicheka wote, yaya. Wakwe walicheka, wapiga kura walicheka. Hata Godefroid alicheka, na mara hii sikumkanyaga mguu.

Adalbert akainama kwenye mkeka. Kwanza aliamuru, kisha akabembeleza, na kitambaa kikazidi kukazwa. Mwishowe akaniambia twende. Kwa Amisi hapakuwa mbali. Tulikwenda katika matope, yeye na viatu vyake vipya.

Sasa hapa soma polepole. Dini ya Laurentine haimwambii afunike uso mbele ya kaka zake wa tumbo moja. Tangu aolewe, Adalbert akiingia kwao anamkuta uso wazi, wanataniana, anapewa chai kama zamani kwa mama. Katika mji huu wote wanaume wanaouona uso ule ni wachache sana, na yeye ni mmoja wao. Aliyepiga kelele sokoni juu ya sura zilizofichwa hajafichwa kitu hata siku moja.

Amisi alitufungulia mlango, akatukaribisha kwa heshima, akamwita mke wake. Laurentine akatoka chumbani amefunika uso.

Adalbert alidhani hajamtambua, maana jioni ilikuwa imeingia. Akasema: “Laurentine, ni miye.”

“Najua ni weye,” akasema. Wala hakufunua. “Constance iko wapi?”

Tukarudi naye, yeye mbele. Alipofika mkekani aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto akaachia kitambaa pale pale, naye akamfunua. Vigelegele vilivyopigwa nadhani hata Kasenga mlivisikia. Baadaye, ndani ya nyumba, tukiwa wanawake peke yetu, Laurentine alifunua uso wake, akakaa karibu na Constance wakila sahani moja, wakilia na kucheka. Nilipotoka kuchukua maji nilimkuta Adalbert amesimama karibu na mlango na chupa yake, hajainywa. Alikuwa anasikiliza sauti ya dada yake. Nilimwonea huruma kidogo, na hilo nalo liliniudhi.

Leo baada ya misa alikuja kwangu. Hakuhutubia. Alikaa, akasema: “Alikuwa anafungulaka sura mbele yangu siku yote.” Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza Laurentine ataendelea hivi mpaka lini. Nikamjibu kwamba yeye swali hilo amezoea kuwauliza watu wa sokoni, basi angoje sokoni wamjibu. Akaomba nikuandikie wewe mkubwa wetu umwamuru Laurentine amsamehe.

Nimeandika kama alivyoomba. Ila mimi dada yako nakuomba usimwamuru kitu. Uso ule umepata waamuru wa kutosha mwaka huu. Adalbert alisema maneno yake sokoni kwa sauti kubwa, na ni sokoni anapotakiwa kuyafuta, kwa sauti ile ile. Anasema hawezi kabla ya uchaguzi, atapoteza kura. Basi na achague mwenyewe, kwa kuwa yeye ni mwanaume na kuchagua anaruhusiwa.

Njoo Noeli, yaya, hata kama mguu bado unauma. Usifikie kwangu, fikia kwa Laurentine. Wewe atakufunulia. Umtazame vizuri, maana amekonda tangu mambo haya yaanze, na ukija huku kwetu utamkuta Adalbert amekaa mlangoni anakungoja, akuulize dada yake yukoje usoni.

Constance na Jeannot wake wanakusalimu, Godefroid na kikohozi chake wanakusalimu. Amisi anasema salamu nyingi na anauliza kipimo cha Nkandu kwa kitambaa. Laurentine anakusalimu. Adalbert anakusalimu. Wamenipa salamu hizo kila mmoja peke yake.

Mungu akuchunge majini na nchi kavu, akupe njia nzuri ya kuja, na atupe sisi wa mjini akili kidogo kabla hujafika.

Mimi mdogo wako akupendaye, hata leo ambapo sina mapenzi ya kugawa,

Agnès