Laptopu ya Ibra na Kitambaa cha Mama

Mpumudde, Jinja
Jumatano jioni

Kaka yangu mpenzi Faraj,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Nulu na watoto, na zaidi ya wote Mama. Mimi mwili haujambo. Moyo utauona mwenyewe ukiendelea kusoma. Vipi Namakwekwe? Mlima bado unawashushia ukungu asubuhi? Huku kwetu mvua imegoma na vumbi tunalila pamoja na chakula. Mwambie Nulu kwamba malewa yake, yale machipukizi ya mianzi, nayaota, na safari hii nikija nisikute sufuria imeshakwanguliwa.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani, na Jumamosi tunaonana. Ni kwa sababu simu ya kwenu haina siri. Nikipiga, Mama anataka iwekwe spika, na kabla sijamaliza salaam nyumba nzima imeitikia. Ujumbe nao watoto wanausoma kabla yako. Kwa hiyo nimempa Isabirye, jirani yangu anayepeleka unga kwenye maghala ya eneo la Industrial huko Mbale, akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza. Usimpe hata Nulu, naye aniwie radhi.

Nianze na laptopu, maana najua Mama anakuuliza habari zake kila mkikaa kula. Tangu daktari amwambie kwamba jicho la kushoto limekwenda na la kulia linafuata, hajaomba kitu kingine ila amwone ndugu yetu Ibra. Si kumsikia, sauti yake kutoka Uarabuni anaisikia kila wiki. Anataka kumwona, angali anaona. Kwenye kioo cha simu, yeyote akimpigia kwa video, haambulii kitu ila kivuli kinachotikisika, ndipo tukakubaliana nilete laptopu aliyoniachia Ibra alipokwenda kwenye kazi yake ya ulinzi, yenye kioo kikubwa, tuiunganishe na waifai ya mwenye nyumba wenu. Nimesikia Mama ameshatoa gauni la Idd sandukuni. Ukiniambia jambo hilo tena nitalia.

Sasa laptopu yenyewe ni ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na Ibra alikuwa akiitazamia filamu tu. Nilipoiwasha ikakataa kabisa kuona mtandao wowote. Nikaipeleka kwa Okoth, fundi aliye karibu na soko, mtu mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Kwanza alisema kadi ya mtandao imekufa. Akaweka nyingine, kimya. Akasema programu zimezeeka kuliko mimi, akaweka mpya, kimya vilevile. Mwisho akanirudishia akisema banange, jamani madam, mashine hii imelogwa, na kwamba yeye ni fundi wa kompyuta, si wa majini.

Kumbe kosa lilikuwa letu sisi. Unamjua Mama: redio ina kitambaa, mtungi una kitambaa, hata pasi ya mkaa ya marehemu Baba ina kitambaa chake. Ibra alipoileta laptopu nyumbani, Mama hakutulia mpaka alipoifumia nguo yake, ya samawati yenye maua mekundu, ikaibana pande zote kama soksi, ikaacha kioo na vitufe tu. Hakuna aliyethubutu kuivua. Okoth mwenyewe nilimkemea asije akaifumua, akawa anaikunja ukingo kidogo anafungua skrubu za chini, kisha anairudisha mbio.

Jumatatu niliivua niifue, maana ni aibu kumrudishia mfumaji kazi yake ikiwa na uchafu. Ndipo nikaona ubavuni, upande wa kulia, kiswichi kidogo kama punje ya mchele. Ukingo wa kitambaa ulikuwa umekivuta nyuma, mtandao umezimwa miaka yote hiyo. Nikakisukuma mbele. Taa ya rangi ya chungwa ikageuka buluu, na majina ya waifai za mtaa mzima yakajipanga, ya duka la dawa, ya kanisa, ya jirani anayejidai hana. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake, baada ya vipindi, nilibaki ofisini kwetu shuleni nikampigia Ibra kuijaribu. Alipokea, lakini kioo kilikuwa cheusi. Akarudia yale yale anayotuambia kila tukimtaka awashe kamera, kwamba kampuni hairuhusu picha. Nikamwambia asinifanye mtoto, yuko chumbani kwake siku ya mapumziko, na Jumamosi Mama atakaa mbele ya kioo hiki hiki, sasa atamwonyesha nini? Kisha akaniuliza niko na nani. Nikasema niko peke yangu. Akaniomba nifunge mlango, nami nikaenda kuufunga, nikidhani anataka kunichekesha kama zamani.

Kaka, kama umesimama, kaa.

Uso wa Ibra umeungua. Upande wote wa kushoto, kuanzia kwenye nywele mpaka shingoni, ngozi imejikunja. Jicho la upande huo halifunguki. Sikio limebaki kipande. Mdomo umevutwa upande mmoja, na ndiyo sababu kwenye simu anasikika kama anatafuna. Unakumbuka Mama anavyomgombeza asizungumze huku anakula? Amekuwa akiitikia ndiyo Mama, samahani Mama, na kumbe hakuna chakula mdomoni.

Anasema ni gesi. Ililipuka Ramadhani iliyopita walipokuwa wanapika futari kwenye chumba cha walinzi. Alipotoka hospitali walimwondoa getini, wakampeleka ghala la nyuma, wageni wasimwone. Na mimi, Kaka, nilipomwona niliweka mkono mdomoni. Mimi ni dada yake, na nilifanya hivyo mbele ya macho yake. Naye akaniambia unaona sasa, kama wewe umefanya hivyo, Mama atafanya nini?

Ndipo akanisihi niseme mashine imeshindikana. Alisema Mama akiingia gizani, aingie na uso ule aliouzaa, yeye asimnyang'anye hata huo. Nikakubali.

Na hili ndilo ninaloungama kwako. Jana hiyo hiyo niliivalisha laptopu kitambaa chake na kiswichi nikakirudisha nyuma kwa kidole changu. Leo asubuhi Mama alipopiga, nikamdanganya. Nilimwambia Okoth ameshindwa kabisa, labda siku nyingine. Wewe ulikuwa kazini. Mama hakulalamika. Akasema basi niilete hivyo hivyo ilivyo, aishikeshike, maana mikono ya Ibra ilipita pale.

Nilikata simu nikalia mbele ya wanafunzi wangu. La kuvunda halina ubani, Kaka. Mwanamke anayetaka kupapasa mashine iliyokufa kwa ajili ya mtoto wake, mimi ni nani nimfichie mtoto mwenyewe?

Mchana nikampigia Ibra tena. Nilimwambia maneno ya Mama. Tulibishana, akanikasirikia, akalia, nami nikalia. Mwisho akasema sawa, ila atakaa kwenye kona yenye giza. Nikamkumbusha kwamba gizani Mama haoni kitu kabisa, hata macho yake yangekuwa mazima. Akafikiri. Akasema atakaa karibu na dirisha.

Sasa kazi iliyobaki ni yako. Unakumbuka kule kambini tulikokulia, Baba alipokuwa kazini, askari magereza akipatwa na jambo, hakuna aliyepiga kelele kutoka langoni. Mkubwa wao alivaa vizuri, akaingia ndani, akaketi karibu na mama wa mtu, akamshika mkono kwanza. Baba alifanya hivyo kwa wengine. Leo mkubwa wetu ni wewe. Mwambie Mama kabla sijafika, ili Jumamosi uso ule usimshtue kama ulivyonishtua mimi, na Ibra asimwone akiweka mkono mdomoni. Mwambie pia kwamba nilimdanganya. Nitapiga magoti nikifika.

Wasalimie wote, mmoja mmoja, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Kitambaa nimekifua, nimekipiga pasi, maua yamerudi mekundu. Mwenyezi Mungu atukutanishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Hajara

Nimesahau jambo moja. Mimi najijua, moyo wangu ni mwepesi. Huenda Jumamosi, nikimwona Mama na gauni lake la Idd, nikakwambia mashine imekataa. Usinisikilize. Kunja kitambaa upande wa kulia, utakiona kiswichi. Kisukume mbele wewe mwenyewe.