Mama mkwe, kile kikohozi hakikuwa jibu

Mama yangu mkwe, mama yake Solange,

Nakuandikia kwa sababu karatasi haina macho. Simu ninayo, lakini tangu nimwoe binti yako sijawahi kukutamkia neno moja kwa moja. Haya ya ukwe haijaisha eti kwa sababu tu wewe uko Kasenga unamuuguza dada yako na mimi nimebaki hapa Likasi.

Unakumbuka tulivyoanza. Kiwandani walitangaza kwamba anayetaka kuwa mkubwa wa zamu afaulu mtihani wa Kiingereza, ule wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwetu Moba. Wewe ulifundisha Kiingereza hadi ukazeeka. Basi ukakaa chumbani, mimi barazani nimeupa mlango mgongo, rido, yaani pazia, likining'inia kati yetu, na Solange akipeleka maneno.

"Mwambie akohoe kama amesikia," ulisema.

Solange akacheka. "Mama, miye sasa ni telefone yenu? Muntu mukubwa hivi anaogopa rido."

Ukanieleza nyakati za Kiingereza kwa kazi yangu mwenyewe. Kila siku hujaza magunia: hayo ni mazoea. Ninajaza sasa hivi: jambo linaendelea. Jana nilijaza: limepita. Hapo nilikohoa kwa haki. Kisha ukafika kwenye mambo mawili yaliyopita, moja likiwa limetangulia: bosi alipofika, magunia yalikuwa yamekwisha kushonwa. Nilikuwa bado najiuliza lipi ni lipi, vumbi la kiwandani likanipanda kifuani. Nikakohoa.

"Ah, mukwe yangu iko na kichwa," ulisema kwa furaha, ukasonga mbele.

Ningefanyaje, mama? Nikuambie umekosea? Kila jioni vumbi lilijibu kwa niaba yangu. Tulipomaliza ukanitumia bukari, ugali wa huku, na samaki wa ziwa Tshangalele, nikala peke yangu barazani, na wewe ndani ukiimba.

Nilianguka mtihani. Solange alikuambia mtihani ulikuwa mgumu. Haukuwa mgumu. Maswali yalifanana na yale ya bosi na magunia, na mimi niliyatazama kwa aibu kama mtu aliyekula chakula cha msiba usiomhusu.

Wametupa nafasi nyingine moja, mwezi ujao. Nikianguka tena nitabaki kwenye magunia, na kifua hiki kimechoka. Nimemwuliza mjomba wa Solange namna ya kwenu ya kuondoa haya kati ya mkwe na mama. Akanishangaa: "Weye, miaka yote hii hata kuku ya kuondoa haya haujaleta?" Nilidhani napita tu Likasi, mama, kwamba nitarudi kwetu. Kuku nikamwacha kwa kesho.

Sasa yupo, amefungwa mguu nyuma ya nyumba, anakula mahindi yetu. Dada yako akipata nafuu, rudi. Nitakukabidhi kuku kwa mikono miwili, Solange atatoa rido, nitakaa mbele yako. Nisipoelewa nitasema sijaelewa.

Na nikikohoa, mama, ni vumbi tu.

Mkwe wako,
bwana wa Solange