Kunja Miguu, Bwana Mdogo

Mwaka umetimia, Dereva, tangu ndege yako iguse ardhi salama kisha iache njia. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo: ulikuwa umeshatua. Mkeo alishaona vumbi la magurudumu, akaingia ndani kubandika maji ya chai.

Jina la Dereva ulipanda nalo angani. Uliendesha malori nusu ya maisha yako kabla ya kurusha hicho kindege cha kupeleka dawa kwenye zahanati za mbali, nasi tukakutania kwamba siku moja utapiga honi mawinguni. Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Hukuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, na mgonjwa usiyemjua ulimvulia koti lako. Kila aliyepanda nawe ulimwambia, "Tukiwa chini, usukani ni miguu. Mikono ni ya kusalimia watu."

Kiti cha pembeni kilikuwa cha mdogo wako, fundi wa ndege hiyohiyo. Mbele yake kulikuwa na pedali za kuongozea ndege ardhini, kama zako. Akizikanyaga zake, zako nazo zinakwenda. Amri yako ilikuwa moja: "Kunja miguu, bwana mdogo. Ndege moja, dereva mmoja." Naye tangu utotoni hakukupinga.

Siku ile upepo wa ubavuni uliivuta pua ya ndege kushoto. Fundi akaona mikono yako ikikata usukani kulia kwa nguvu zote, kama uko kwenye lori. Mazoea yana taabu. Miguu yako ilikuwa imetulia tuli. Yake ilikuwa imekunjwa, kama ulivyosema. Ndege ikaingia mtaroni, mlango ukabana, akabaki bega kwa bega nawe mpaka zimamoto walipokata bati. Wewe ulikuwa umeshatuacha.

Yeye bado hajatoka. Anashinda sebuleni, magoti yamekunjwa, miguu chini ya kiti. Karakana ina kufuli. Watoto wake wakimwita uani anaitika "nakuja", na haji. Tumemwambia ajali haina kinga, tumechoka kumwambia. Juzi mama yenu alikaa mbele yake.

"Mwanangu, ulimtii kaka yako. Kosa liko wapi?"

"Hapo hapo, mama. Ningekuwa mkaidi, leo ningekuwa na kaka."

Hatukufichi, Dereva, kuna siku tunakukasirikia. Umeondoka na amri yako umeiacha humu ndani, na hapa hakuna anayeweza kuifuta. Yeye hatusikilizi sisi. Alizoea kukusikiliza wewe.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, wanao, shemeji zako na wajukuu wanaoendesha viti vya jikoni wakipiga honi kwa midomo. Maadamu tuko hai, hutasahaulika. Mdogo wako ameomba awe wa mwisho, na chini ya jina lake tuandike haya tu:

"Kaka, naomba ruhusa ninyooshe miguu."